Mimi Nilikuwa Sifuri

Juzi wajukuu wa dada yangu walipigana sebuleni kwangu hapa Mbale mpaka mmoja akatoka damu puani. Nilidhani wamegombania simu, kumbe ni somo la hesabu. Mmoja anasoma shule ya mjini, mwingine shule iliyo chini ya mlima, na walimu wao hawakubaliani. Wa mjini amefundishwa kwamba namba asilia, zile za kuhesabia vitu, zinaanza na moja. Wa mlimani amefundishwa kwamba zinaanza na sifuri. Wakaja kwangu niwaamue kwa kuwa mimi ndiye mzee. Nilimfuta damu aliyeumia, nikawapa chai, nikawaambia wamuulize mama yao. Lakini wewe, rafiki yangu, nitakueleza kwa nini sikuwajibu. Wewe una subira.

Nikiwa mtoto tulikaa Jinja, upande wa kuteremkia ziwani, Masese, katika nyumba ya mabati yenye vyumba viwili. Alfajiri tuliamshwa na adhana, kisha king'ora cha kiwanda, kisha moshi. Jirani yetu alikuwa mama mmoja Msoga aliyekausha samaki, na tanuri lake liligusana na ukuta wetu. Moshi ule uliingia katika nguo, katika godoro, katika madaftari yetu. Shuleni walitujua kwa pua kabla ya macho. Kila asubuhi kabla ya shule niliteremka Masese kumbebea samaki wabichi, vikapu viwili kwenye mti begani, na malipo yangu yalikuwa kichwa cha sangara cha kutia katika mchuzi. Bega langu la kulia likaota sugu ngumu kama kisigino. Nilijivunia sugu ile.

Sisi ni Wanubi. Mababu zetu waliletwa kutoka Sudan kuwa askari wa wazungu, na tangu hapo jeshi lilikuwa kazi ya ukoo wetu kama uvuvi ulivyo kazi ya wengine. Baba alikuwa sajini. Kazi yake ilikuwa kufundisha kwata, na sauti yake ya uwanjani hakuiacha kambini jioni. Mama alifariki akimzaa kitinda mimba wetu, hivyo nyumba ilibaki na baba na sisi watoto: mimi mkubwa, dada yangu anayenifuata, mapacha wawili wa kiume, na huyo kitinda mimba. Dada ndiye aliyepika. Alijua kuandaa gurusa, zile chapati laini za maji, akizipindua kwa vidole vyake bila kuungua, nasi tukizipokea moto moto na kuzichovya katika chai.

Kabla ya kula kulikuwa na jambo moja. Kila jioni, ua umefagiwa na mitungi imejaa, baba alisimama mlangoni akaita, "Jipange." Mimi nilikuwa alama. Katika kwata, alama ni yule anayesimama kwanza, peke yake, wengine wakajipanga kutoka kwake. Asiposimama yeye, hakuna mstari. Basi nilikimbia nikasimama karibu na ukuta wa tanuri, wadogo zangu wakajipanga kushoto kwangu kwa umri. Baba akasema, "Hesabu." Nami nikapaza sauti, "Sifuri." Dada akaitika, "Moja." Mapacha, "Mbili," "Tatu." Na kitinda mimba, ambaye aliingoja zamu yake siku nzima, akapiga ukelele, "Nne."

Sijui baba aliitoa wapi sifuri ile. Askari wengine walianza na moja. Alisema alama si mtu wa kuhesabiwa, ni mtu wa kuhesabia. Wadogo zangu waliifanya mzaha. Gurusa zikiwa chache, pacha mmoja alizigawa akiniruka. "Sifuri haili," alisema, "sifuri ni hewa." Nami nikampiga kofi la kisogo, tukala sote.

Jirani yetu wa samaki hakupenda mambo haya. Kwao watoto hawahesabiwi. Ukiwahesabu, alisema, unamwonyesha mwenye kuwapunguza pale pa kuanzia. Yeye mwenyewe ukimuuliza ana watoto wangapi alijibu, "Wapo." Kila jioni baba alipoamuru hesabu, alifunika sikio moja kwa kiganja na kuendelea kugeuza samaki kwa mkono mwingine.

Nilikuwa darasa la sita mwalimu wa hesabu alipoandika ubaoni namba asilia, akaanza na moja. Nilinyoosha mkono nikasema amesahau sifuri. Akasema hakusahau. Nikasema nyumbani tunaanza na sifuri, darasa likacheka, akanichapa viboko vya matakoni kwa ubishi, na mimi nikakosa busara ya kunyamaza nilipofika nyumbani. Kesho yake baba alikuja shuleni akiwa na sare. Wewe unaijua miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Mtu mwenye sare akiingia, hata kuku walihama njia. Hakupiga kelele wala hakumgusa mtu. Aliweka fimbo yake ya kwata juu ya meza ya mwalimu, akauliza kwa upole, "Mwalimu, nasikia mtoto wangu si namba?"

Mwalimu akageuka ubaoni. Chaki ilimvunjika mara ya kwanza, akaokota kipande, akaandika sifuri mbele ya moja. Ilikuwa imepinda kama yai. Akatuambia tuandike hivyo, na kuanzia siku hiyo, katika shule yetu, sifuri ikawa namba asilia. Nilifurahi, nisikufiche. Nilikuwa mtoto na baba yangu alikuwa mkubwa kuliko hesabu.

Vita vilipokuja, baba aliondoka na malori kuelekea kusini, naye hakurudi. Mwenzake mmoja alipita akikimbia, amevua viatu vya jeshi, akatuambia tusimngoje, akaomba maji, akaendelea. Wiki chache baadaye serikali ya wanajeshi ikaanguka. Mji mzima ulishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwani wengi walikuwa wamezika watu wao. Kisha wakaanza kutafuta nyumba za Wanubi.

Jirani alitujia mapema asubuhi, hana hata kitambaa kichwani. Alituvuta kupitia tundu la ua, akatusukuma nyuma ya tanuri ambako hupanga kuni, akatufunika kwa magunia ya samaki. Kupitia katikati ya kuni niliona watu tuliowajua wakiibeba nyumba yetu. Mabati, milango, sufuria ya dada ikiwa bado na uji. Mzee wa Kinubi wa nyumba ya tatu alitolewa nje akapigwa kwa mchi mpaka akaacha kuinua mikono. Kitinda mimba alitaka kulia, nikamziba mdomo kwa mkono, akaniuma, nikaacha aume.

Mwalimu wa hesabu naye alikuja. Hakuchukua kitu. Alizunguka ua akitafuta, akaipata ile fimbo ya baba juu ya boriti, akaivunja kwa goti. Haikuvunjika mara moja. Alijaribu tena na tena, jasho likimtoka, hata ilipokatika akavitupa vipande, akaondoka bila kumtazama mtu.

Tulikaa nyuma ya kuni zile mpaka jirani alipopata dereva wa lori, Mwislamu wa Mbale aliyekuja kununua samaki wakavu. Bibi yetu mzaa mama alikuwa Mbale, chini ya mlima wa Wanale. Jirani alimwambia dereva, "Nipelekee hawa watoto kwa bibi yao." Dereva akauliza wangapi. Akajibu, "Hawa unaowaona." Kisha akatushika vichwa mmoja mmoja, akatufundisha la kusema njiani: baba yetu alikuwa mkausha samaki, amekufa kwa homa. Neno jeshi lisitutoke. Akanivuta sikio mimi peke yangu. "Wewe ndiye mkubwa," alisema. "Wafike wote. Usiniletee habari ya mmoja kupungua."

Hicho ndicho nilichokuwa nacho nikiwa na miaka kumi na minne. Sikuwa na viatu wala nguo ya kubadili. Nilikuwa na agizo la kufikisha wote.

Tulikaa juu ya magunia, sisi na fundi cherehani mmoja mzee aliyepakata kichwa cha cherehani kama mtoto. Naye alikuwa mtu wa kwetu, nilimjua kwa chale za mashavuni. Hakutusemesha. Baada ya Iganga, mahali barabara inapokata kinamasi cha mafunjo, tukakuta kizuizi: pipa, gogo, na wanaume wenye bunduki, wengine wamevaa sare nusu na mashati ya kiraia nusu. Harufu ya pale ilitufikia kabla ya lori kusimama. Nzi waliyafunika mafunjo yote ya upande wa kushoto.

Walimshusha fundi kwanza. Walimtazama mashavu tu, hawakumuuliza jina. Alipokataa kuachia cherehani walimpiga vidole kwa kitako cha bunduki, akaiachia, wakampeleka ndani ya mafunjo. Wakubwa wa genge lile walikuwa wanakula mahindi ya kuchoma. Tulisikia mlio mmoja. Ndege wakaruka, wakarudi kutua.

Kiongozi wao, ambaye wenziwe walimwita afande, alikuja kwenye lori akimenya hindi lake kwa meno. Hakuniuliza mimi. Alimtazama kitinda mimba, akampa punje chache mkononi.

"Toto, nyinyi iko ngapi?"

Kitinda mimba alikuwa na miaka mitano na swali hilo alilijua vizuri kuliko swali lolote duniani. Akajiweka sawa, akatoa kifua. "Nne," akasema.

Afande akatutazama, midomo ikicheza. Ni kweli kwamba namba ya mwisho ya mstari wetu ilikuwa nne, na ni kweli kwamba magunia yale yalikuwa na watoto watano. Akamgeukia dereva. Umepakia wangapi? Dereva masikini akasema hakujua, mwanamke aliyewapakia hakutaja idadi, alisema hawa unaowaona. Afande akacheka. "Watoto iko nne. Sasa hii ndefu ni ya nani?"

Nilikuwa mrefu, kimo cha baba. Walinivuta mguu nikaanguka chini kwa mgongo. Wakanipasua shati kutazama mabega, kwani ndivyo walivyowatambua askari waliojificha: mkanda wa bunduki huacha alama. Wakaikuta sugu yangu. Nikasema ni mti wa samaki, ni vikapu vya Masese, lakini nilisema mara moja tu, kwa sababu kitako cha bunduki kilinishukia mdomoni na meno ya mbele yakaingia kooni. Kingine kilishuka juu ya mtulinga, nikausikia mfupa ukikatika, sauti ndogo kama ya kuni. Dada alilia kwamba mimi ni kaka yake. Mmoja wao akamwambia, "Barabara hii kila askari iko na dada."

Wakanishika miguu kunivuta upande wa mafunjo.

Hapo, rafiki yangu, nilikuwa na akili zangu zote. Nilijua kuna njia ya kuwaonyesha kwamba sisi ni watano. Nilijua pia kwamba njia hiyo ingewaonyesha sisi ni watoto wa nani. Wakinichukua mimi, lori lingeondoka na watoto wanne wa mkausha samaki. Nikaamua kunyamaza. Agizo lilikuwa wote, lakini niliona wanne si haba.

Dada hakuona hivyo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliteremka kwenye lori, akawateremsha wengine kwa kuwashika kwapa, akaja akasimama pale nilipolala, kushoto kwangu, na wadogo zetu wakajipanga kutoka kwake, visigino pamoja, mikono ubavuni. Waliokuwa wakinivuta waliiacha miguu yangu kwa mshangao. Akasema kwa sauti ya baba, "Hesabu."

Yeye hakuwa na ruhusa ya kusema moja kabla yangu, na hakusema. Alitazama mbele. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni lakini hakuyafuta, maana mstarini mkono hauondoki ubavuni.

"Sema, kaka," alisema polepole.

Nikatema damu. "Sifuri."

"Moja."

"Mbili."

"Tatu."

"Nne," akapiga ukelele kitinda mimba, punje za mahindi zikiwa zimebanwa kiganjani.

Hakuna aliyecheka. Afande alitupa gunzi lake. Akamuuliza dada nani amewafundisha, dada akajibu ni shuleni. "Shule hapana," alisema. "Hii ni kwata." Akauliza baba yetu yuko wapi, dada akasema amekufa. Akasema, "Vizuri." Kisha akachuchumaa mbele ya kitinda mimba, mdomo wa bunduki ukiwa shingoni mwangu, akazungumza naye kama watu wawili wanaofanya biashara.

"Sifuri ni hakuna. Si ndiyo? Sasa mimi napiga hakuna. Nyinyi iko nne bado. Mnapoteza nini?"

Kitinda mimba alifikiri. Nilimwona akifikiri, paji la uso limekunjika. Hakuwa anabembeleza. Alikuwa ana shida ya kweli na alitaka mtu mzima amsaidie.

"Sasa nani ataanza?" akauliza.

Afande alibaki amechuchumaa. Mmoja wa vijana wake alianza kucheka, akakoma alipoona mkubwa hacheki. Hatimaye afande akasimama, magoti yakamlia, akanipiga teke moja la ubavu, si la nguvu, kama mtu anayefunga mlango. "Pakia sifuri yenu," alimwambia dereva. "Endeni kabla sijachoka."

Cherehani walibaki nayo. Nimemfikiria fundi yule maisha yangu yote. Alikuwa peke yake. Hakukuwa na mtu wa kusimama kushoto kwake.

Mbale ilitupokea kwa mvua. Maporomoko ya Wanale yalikuwa yameshuka meupe mlimani kama nyuzi, na bibi alitungoja mlangoni bila kujua anamngoja nani. Mganga wa mifupa alinifunga mtulinga kwa fito, ukaunga umepinda, upo hivyo hadi leo. Sikuweza kutafuna, bibi akanipondea malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Wagisu yaliyokaushwa kwa moshi, katika mchuzi wa karanga. Ladha yake ya moshi ilinirudisha Jinja kila nikimeza. Jioni tuliendelea kujipanga uani. Hakuna aliyetuamuru. Bibi alitutazama akipepeta mchele, akasema, "Watoto wa sajini hawa," kwa sauti ambayo sikujua ni ya huzuni au ya aibu.

Nilipelekwa shule. Ulikuwa wakati wa kujenga upya, madirisha hayana vioo, tunakaa juu ya matofali, na mwalimu mpya mwenye ari akatuuliza namba asilia. Niliandika kama nilivyoambiwa Jinja. Akanisimamisha. Sifuri ilikuwa imepinduliwa pamoja na serikali. Aliuliza nani aliyenifundisha ujinga huo, nami sikuweza kutaja jina wala cheo, nikainama. Viboko vyake vilikuwa vizito lakini, nikilinganisha na nilivyovijua, vilikuwa vya mtu anayependa kazi yake. Niliacha shule muhula ule. Hakunifukuza yeye. Bibi hakuwa na uwezo wa watoto watano, nikaona wanne wasome. Nikaenda kuketi na fundi wa baiskeli kando ya soko, nikajifunza kunyoosha rimu, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha.

Surua ilikuja msimu wa kiangazi. Hospitali ilikuwa na vitanda bila dawa. Ilimchukua pacha wa kwanza, yule aliyesema sifuri haili. Nilimbeba mwenyewe mpaka makaburini kwa bega zima, nikamtia mwenyewe ndani ya mwanandani. Jioni ile tulijipanga, sijui kwa nini, labda miguu ilijiendea. Nikasema yangu, dada akasema yake, kisha kukawa na nafasi. Bibi, kwa kutuhurumia, alimwambia pacha aliyebaki asogee, achukue namba ya nduguye. Akakataa. "Mimi ni tatu," alisema. Tukaingoja nafasi ile ipite, muda wa pumzi moja, ndipo akaitika. Tulifanya hivyo siku kadhaa, halafu jioni moja mvua ilinyesha, hatukutoka, na kesho yake hakuna aliyekumbusha.

Nilirudi Jinja mara moja, miaka mingi baadaye. Jirani yetu alikuwa amekwisha kufa, nami sikupata kumletea ile habari aliyonikataza kuileta. Mahali pa tanuri wanauza vipuri vya bodaboda. Nilisimama pale nikinusa kama mbwa, hakuna moshi, ni mpira na oili tu. Hakuna anayemkumbuka mwalimu. Na sauti ya baba ninaitafuta kichwani, ninapata maneno, sauti yenyewe siipati.

Dada ana wajukuu. Pacha yuko Kenya, anaendesha malori. Kitinda mimba ni mtu mzima mwenye tumbo, ana duka la saruji Jinja, huko huko, na hakumbuki kizuizi wala punje za mahindi. Tumemsimulia, anadhani tunatia chumvi. Kila mmoja ana nyumba yake, na kila nyumba inaanza kwa mtu mwingine, ndiyo maana sikuweza kuwaamulia wale watoto hesabu inaanzia wapi. Nilidhani kazi yangu ni kuwafikisha. Walipofika, kila mtu akashika njia yake, mimi nikabaki nimesimama pale pale nilipokuwa, nikiwasikia wakiitana mbali.